Likizo ya Familia Kisiwani: Nani Anapumzika?



Leo tunaongelea jambo ambalo ni nadra kulisikia likifundishwa: likizo. Tena likizo ya ukoo mzima, yaani bibi na babu, baba na mama, shangazi, wajomba na wajukuu, wote wanafunga mizigo na kwenda kisiwani. Familia nyingi za bara zilizoea safari moja tu ya Desemba: kurudi kijijini. Siku hizi utasikia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, "Mwaka huu tumchukue bibi, twende wote Zanzibar, naye akaione bahari." Michango inaanza, na kila mtu ana hamu.

Wazo hilo ni zuri, na Mungu hachukii furaha. Yesu mwenyewe aliwaambia mitume wake waliochoka waende mahali pa faragha wapumzike kidogo (Mk 6:31). Lakini kuna swali moja ambalo kijana Mkatoliki anapaswa kujiuliza kabla hajakata tiketi ya boti: katika likizo hiyo, nani hasa atapumzika?

Tuchukue mfano. Ni asubuhi ya pili huko Paje. Vijana wako majini. Baba yuko chini ya mwamvuli na simu yake. Mama yuko jikoni kwenye nyumba mliyopanga, anakaanga mayai ya watu kumi na wawili. Dada wa kazi, mliyekuja naye "naye akabadilishe mazingira", yuko uani anafua. Bibi amekaa barazani, mjukuu wa mwaka mmoja yuko mapajani, kwa sababu "bibi anapenda watoto". Siku ya tano inafika bibi hajakanyaga mchanga. Status zenu zinasema familia nzima inakula raha, kumbe nusu ya familia imehamishia tu kazi zake ufukweni.

1. Pumziko la Mungu ni la nyumba nzima

Fungua Kumbukumbu la Torati 5:12-15. Hapo Mungu anaamuru Sabato, na angalia anavyowataja watu mmoja mmoja: mwana, binti, mtumishi wa kiume na wa kike, hata ng'ombe na punda, na mgeni aliye mjini. Anataka mtumishi apumzike sawasawa na bwana wake. Kisha anatoa sababu: kumbukeni mlikuwa watumwa kule Misri. Mtumwa hana siku yake, kwa hiyo mtu aliyekombolewa haruhusiwi kupumzika juu ya mgongo wa mwingine.

Zanzibar ni mahali pa pekee pa kulitafakari neno hilo. Pale Mkunazini, katika Mji Mkongwe, palikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Leo pamesimama Kanisa Kuu la Waanglikana, na wageni wengi hupita hapo kujifunza historia. Ukifika, usipige picha tu na kuondoka. Kaa kimya kidogo. Halafu mkirudi kwenye nyumba yenu, tazama nani anaosha vyombo. Hatusemi kwamba mama au dada wa kazi ni mtumwa, hapana. Tunasema kwamba Mungu aliyewatoa watu wake utumwani anaangalia pia jikoni kwetu.

Na hapa kijana usimsubiri baba aamue. Unaweza kusema, "Mama, kesho chai ni juu yetu." Chapati zikiungua kidogo, watakula hivyo hivyo. Dada wa kazi naye apewe siku yake kamili, avae vizuri, aende baharini, na asiitwe kila dakika kushika mtoto.

2. Mwendo wa Yakobo

Kuna kisa kifupi katika Mwanzo 33:12-14 ambacho wengi tunakiruka. Yakobo na Esau wamepatana baada ya miaka mingi ya uadui. Esau anataka waondoke pamoja, yeye na watu wake mia nne. Yakobo anamjibu kwa heshima kwamba watoto wake ni wachanga, na mifugo inanyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja tu, mifugo itakufa. Kwa hiyo atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto na mifugo iliyo mbele yake.

Yakobo alikuwa mkuu wa msafara, na wale wadhaifu ndio waliopanga mwendo wake. Kwa kweli hilo ndilo somo letu lote la leo. Kwenye safari ya familia, mwendo unapangwa na aliye mdogo na aliye mzee. Wenye nguvu wanaweza kungoja. Wasio na nguvu hawawezi kukimbia.

Kwa vitendo inakuwaje? Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na miezi ya upepo wa kusi bahari huchafuka. Bibi ambaye hajawahi kupanda boti anaweza kutapika na kuogopa kweli kweli. Basi mjukuu mmoja akae naye chini, eneo la katikati ambako boti haiyumbi sana, awe na mfuko, maji na neno la kumtuliza. Mambo ya kwenda juu kupiga picha yatangoja. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba na havipitiki kwa gari, kwa hiyo tembeeni asubuhi kabla ya jua kali, na mjue mapema mtapumzikia baraza gani. Upande wa mashariki wa kisiwa maji yakipwa huenda mbali mno, na kwenda kuyafuata ni mwendo mrefu kwa miguu ya mzee. Waulize wenyeji maji yanajaa saa ngapi, bibi ateremke wakati bahari imekuja karibu naye.

Tena kuna jambo la kuchekesha na kuhuzunisha pia. Wageni wengi hupanda boti kwenda kisiwa kidogo cha Changuu kuwaona kobe wakubwa. Kobe wa kwanza waliletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wapo wanaokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja. Tunalipa nauli, tunachuchumaa, tunawalisha majani, tunasubiri kwa uvumilivu mkubwa kobe ainue shingo. Eti tunastaajabu: "Jamani, huyu ameona mengi!" Wakati huo bibi mwenye miaka themanini, aliyeona mengi na anayeweza kuyasimulia, tumemwacha peke yake hotelini kwa sababu anatuchelewesha.

Maandiko yanatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi na kumheshimu mzee (Law 19:32). Yoshua bin Sira anaongeza kwamba tumvumilie mzazi hata akili yake ikipungua, wala tusimdharau kwa kuwa sisi tuna nguvu zetu (YbS 3:12-13). Kumbe bibi akiuliza swali lile lile mara ya nne, jibu la nne nalo ni amri ya nne.

3. Dominika inasafiri nasi

Vijana wengi huuliza, "Tukiwa likizo, Misa ni lazima?" Jibu ni ndiyo. Mkristo yuko chini ya wajibu wa Dominika popote alipo, isipokuwa ana sababu nzito kama ugonjwa au kutunza watoto wachanga. Misa ya Jumamosi jioni pia inatimiza wajibu huo (KKK 2180-2181). Kwa hiyo ratiba ya Misa iulizwe kabla ya safari, kama mnavyouliza bei ya chumba. Kutoka fukwe za mashariki hadi mjini ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari, kwa hiyo mambo hayo hayapangwi Dominika asubuhi saa mbili.

Familia Takatifu yenyewe ilikuwa na safari ya kila mwaka. Walikwenda Yerusalemu kwa Pasaka, katika msafara wa ndugu na jamaa, hata Yosefu na Maria wakatembea siku nzima wakidhani Yesu yuko pamoja na jamaa zao (Lk 2:41-44). Yaani ukoo ulisafiri pamoja, na katikati ya safari palikuwa na sala.

Ukienda Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile wanaloliita Minara Miwili, tambua umesimama katika mji gani. Mwaka 1860 Padre Armand Fava na wenzake, mapadre na masista, walifika Zanzibar wakitokea kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 Wamisionari wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi hiyo, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Kutoka huko Injili ikaenda bara, hadi kwenye vijiji vya babu zetu. Wewe unafika kisiwani kama mtalii, lakini imani uliyobatizwa nayo ilipita hapa.

Halafu soma KKK 2186. Kwa desturi ya Kikristo, Dominika ni siku ya matendo mema na ya kuwahudumia wagonjwa na wazee. Kwa hiyo Misa ikiisha, Dominika bado haijaisha. Mchana wake ni wa bibi.

4. Urithi usiouzwa dukani

Mtume Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi, kisha mama yake Eunike (2 Tim 1:5). Timotheo huenda hakumwuliza bibi yake maswali mengi, hatujui. Lakini wewe unaweza kuuliza. Nyumbani kila siku kuna haraka: shule, kazi, foleni. Kisiwani mna jioni ndefu. Mkiwa Forodhani na juisi ya miwa mkononi, au barazani jua likizama, mwulize: "Bibi, nani alikufundisha Rozari? Ulipofiwa na babu ulisali vipi? Kuna wakati ulimkasirikia Mungu?" Ukipata ruhusa yake, rekodi sauti yake kwenye simu. Bando litaisha, lakini sauti hiyo wajukuu zako wataisikia.

Tuseme ukweli bila kuogopa. Kwa bibi wengi, safari hii ya kwanza baharini ni ya mwisho pia. Mwakani huenda magoti yatakataa, au Mungu atakuwa amemwita. Utakuja kujuta kitu gani siku ya mazishi: kwamba hukupiga picha za kutosha pale ufukweni, au kwamba ulilala naye nyumba moja siku saba na hukuongea naye?

Ndiyo maana Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2021 aliweka Siku ya Mababu, Bibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai, karibu na kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Ana tarehe 26. Hata Mwana wa Mungu alipotwaa mwili alizaliwa katika ukoo wenye babu na bibi.

5. Ya kufanya

Kabla ya safari: mwulize bibi na babu wao wenyewe wanataka kuona nini. Wengine watasema karafuu shambani, wengine kanisa, wengine kukaa tu. Hakikisha dawa zao zinatosha. Yule asiyeweza kuchanga asiaibishwe kwenye grupu.

Mkiwa huko: wekeni zamu za kupika, kuosha vyombo na kushika watoto, na vijana muanze. Jioni, kabla ya kulala, fumbo moja la Rozari pamoja, na bibi aongoze. Mkitoka ufukweni kwenda mjini au kijijini, vaeni kwa staha. Wenyeji wetu wengi ni Waislamu, na heshima kwa nyumba ya mwenyeji ni sehemu ya ushuhuda wetu.

Mkirudi: mpigie bibi simu wiki inayofuata. Likizo isiwe malipo ya mwaka mzima wa kumsahau.

Maswali ya kutafakari

1. Katika familia yetu, nani hajawahi kupumzika tukiwa likizo? Mimi naweza kumwondolea kazi gani?
2. Ni lini mara ya mwisho nilitembea kwa mwendo wa mtu aliye dhaifu kuliko mimi?
3. Najua nini kuhusu imani ya bibi au babu yangu? Ni swali gani natamani kumwuliza kabla hajaondoka duniani?

Tusali

Ee Mungu Baba, wewe ulipumzika siku ya saba na ukatupa sisi pumziko. Utupe macho ya kumwona aliyechoka katika nyumba yetu, na miguu inayokubali kwenda polepole. Uwabariki bibi na babu zetu walio hai, na uwapokee katika raha ya milele wale waliotangulia. Watakatifu Yoakimu na Ana, mtuombee. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Likizo njema, mpendwa kijana, na umshike bibi mkono akishuka kwenye boti.