Kipindi cha Michezo na Msitu wa Wartburg

Nikiwa BTP mwaka jana nilipangiwa Jiografia, Kidato cha Tatu. Kwenye ratiba iliyobandikwa ofisini, Ijumaa kipindi cha mwisho kiliandikwa "Michezo". Wiki ya kwanza nikaenda kuulizia mpira. Mwalimu mwenyeji wangu akacheka: "Mwalimu, hicho kipindi kipo kwa ajili ya wakaguzi. Kichukue ufundishie somo lako." Nikakichukua. Tena nilifurahi, maana nilikuwa nimechelewa na mada ya kusoma ramani ilikuwa haiendi kabisa. Nilichora kontua ubaoni vipindi vitatu, kwa chaki za rangi zote, lakini nikiuliza "mteremko mkali uko wapi hapa?" darasa zima linaangalia sakafu.

Nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Ijumaa ya nne nikawatoa. Nikawaambia wapande mbiombio na kila mmoja akumbuke mahali aliposhindwa kuongea na mwenzake. Tuliporudi nikachora kilima kile kile. Msichana mmoja ambaye kwa mwezi mzima hakuwahi kunyoosha kidole akaja mbele, akaweka kidole pale mistari ilipobanana: "Ni hapa, mwalimu. Hapa ndipo nilipokaa chini."

Jumatatu nikaitwa ofisini. Wanafunzi wangu walikuwa wameonekana "wanazurura". Nikaomba radhi, na sikurudia. Kuomba radhi kule ndiko kunakoniuma mpaka leo, na ndiko kulikonifanya niandike makala haya. Niliporudi chuoni, kwenye pindi la historia ya elimu nikakutana na jina la mwalimu mmoja wa Kijerumani, na jina hilo likanipeleka kwenye msitu mmoja wa vilima wenye ngome ya kale. Sijafika huko. Nimeufuata msitu huo kwa ramani na vitabu, na nimeona una masomo manne yanayotuhusu sisi tunaojiandaa kushika chaki.

Tuijue sehemu kwanza

Katikati ya Ujerumani, katika jimbo la Thuringia, kuna mji unaoitwa Eisenach. Ndipo alipozaliwa mwanamuziki Johann Sebastian Bach mwaka 1685. Juu ya mji, kwenye kilima chenye kimo cha zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari, imekaa ngome ya Wartburg. Kwa masimulizi ya huko ilianzishwa mwaka 1067, na mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Kuizunguka ni msitu, na ndani ya msitu zimo njia za miguu zinazopanda, kushuka na kupindapinda. Kusini ya mji kuna korongo linaloitwa Drachenschlucht, yaani Korongo la Joka, ambalo mahali pengine kuta zake za mawe zinakaribiana hadi upana wa chini ya mita moja. Mkimbiaji akifika pale inabidi apite kama anayepenya mlango wa daladala iliyojaa.

Karibu na Eisenach ndipo inapoanzia pia njia maarufu ya Rennsteig. Inatoka kijiji cha Hörschel kando ya mto Werra na kufuata mgongo wa milima kwa takriban kilomita 170 hadi Blankenstein. Alama yake ni herufi R nyeupe iliyopakwa kwenye miti na mawe. Wanaokutana njiani husalimiana kwa maneno yao wenyewe, "Gut Runst", kama vile sisi tunavyokuwa na salamu za safari.

Somo la kwanza: mlima unafundisha kontua

Toka mjini Eisenach hadi ngomeni unapanda kama mita 200. Kwenye ramani yenye kontua za kila mita 20, hiyo ni mistari kumi hivi. Ubaoni, mistari kumi ni kazi ya dakika moja. Miguuni ni habari nyingine.

Unapopanda, misuli inanyanyua uzito wako wote dhidi ya mvutano wa dunia kila hatua, kwa hiyo inahitaji oksijeni nyingi zaidi, na moyo unaongeza kasi kuipeleka. Ndiyo maana wakimbiaji wa milimani hufupisha hatua, na penye mwinuko mkali hutembea bila aibu yoyote. Kutembea hapo si uvivu, ni hesabu: kasi inayopatikana kwa kukimbia ni ndogo, nguvu inayopotea ni kubwa.

Kushuka kunadanganya. Mapafu yanapumzika, unaona mambo mepesi. Lakini misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa. Kazi ya namna hiyo huuchana msuli kwa michubuko midogo sana, na maumivu yake hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho na keshokutwa, pale unaposhuka ngazi za hosteli kinyumenyume. Mwanafunzi aliyewahi kupata maumivu hayo hasahau tena kwamba mteremko ni kitu halisi.

Somo la pili: majani yanafundisha maji

Msitu unaoizunguka Wartburg kwa sehemu kubwa ni wa miti inayopukutisha majani, hasa mti ambao Wajerumani wanauita Buche. Ukipanda juu zaidi kwenye Rennsteig unakutana na miti ya jamii ya msonobari, ambayo hubaki kijani mwaka mzima.

Kwa nini mti utupe majani yake yote? Jani linapoteza maji. Wakati wa baridi kali maji ya ardhini yanakuwa magumu kupatikana, na mwanga wa jua nao ni haba, kwa hiyo jani linakuwa mzigo. Kabla ya kuliachia, mti unavuta virutubisho vyake na kuvirudisha shinani na matawini. Ukijani unavunjwavunjwa, na rangi ya njano iliyokuwa imefichwa chini yake inajitokeza.

Sasa hapa wanafunzi wetu wanaweza kuelewa haraka, kwa sababu wanaujua mbuyu. Wanaijua na misitu ya miombo ya Tabora na Rukwa. Nayo hupukutisha, ila wakati wa kiangazi, si wakati wa theluji. Tatizo ni lile lile la maji, kalenda ndiyo tofauti. Ukimfundisha mtoto "deciduous" kwa picha ya theluji peke yake, umempa neno la kukariri kwa ajili ya mtihani. Ukianzia kwenye mbuyu wa kijijini kwao, msitu wa Ujerumani atauelewa bila kuuona.

Kwa mkimbiaji, majani yale yana maana nyingine. Mwezi wa Oktoba na Novemba yanafunika mizizi na mawe, na yakilowa yanateleza kama ganda la ndizi. Anayekimbia pale anaangalia mita chache mbele yake, si vidole vya miguu yake, na anaweka mguu chini kwa wepesi mpaka ajue kilichopo chini ya majani.

Somo la tatu: ngome inafundisha lugha, na inatuonya

Kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522 ngome hiyo ilimficha Martin Luther, aliyekuwa akitafutwa na watawala. Alifuga ndevu, akajiita Junker Jörg, na ndani ya wiki kama kumi na moja akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Tuweke kando imani ya kila mtu. Mwalimu wa lugha anaona jambo moja kubwa: maarifa yaliyokuwa mikononi mwa wasomi wa Kilatini yaliwekwa katika lugha ya sokoni na jikoni, na lugha hiyo yenyewe ikapanda hadhi. Sisi tunaobishana kila mwaka kuhusu lugha ya kufundishia sekondari hatuwezi kupita hapo bila kusimama.

Kisha kuna jambo la wanafunzi wenyewe. Tarehe 18 Oktoba 1817, wanafunzi wapatao 500 wa vyuo vikuu vya Ujerumani, wengi wao kutoka Jena, walipanda kilima hicho kudai nchi iliyoungana na yenye haki. Ni moja ya mikusanyiko ya wanachuo inayokumbukwa zaidi katika historia ya Ulaya. Lakini jioni ile baadhi yao waliwasha moto na kuchoma maandishi ya watu waliopingana nao. Kwa hiyo ngome moja imebeba mtu aliyetafsiri kitabu na vijana waliochoma vitabu. Sisi wa serikali ya wanafunzi tulibebe hilo pia: kuwa kijana na kuwa na hoja nzuri hakukuzuii kukosea.

Somo la nne: mwalimu aliyekataa kubaki darasani

Sasa nimfikie mwalimu niliyemtaja. Johann Christoph Friedrich GutsMuths, aliyeishi kati ya mwaka 1759 na 1839, alifundisha Schnepfenthal, shule iliyoanzishwa na Christian Gotthilf Salzmann mwaka 1784 pembezoni mwa msitu huo huo wa Thuringia. Mwaka 1793 alichapisha kitabu cha mazoezi ya mwili kwa vijana ambacho huhesabiwa miongoni mwa misingi ya elimu ya viungo ya kisasa: kukimbia, kuruka, kupanda, kusimama kwa mizani, kuogelea. Kwake mazoezi hayakuwa mapumziko ya kumfanya mtoto arudi darasani akiwa ametulia. Yalikuwa ni elimu yenyewe.

Kilichonishtua ni somo lake la pili. GutsMuths alikuwa mwalimu wa jiografia. Na mmoja wa wanafunzi wa shule ile, Carl Ritter, alikuja kuwa profesa mjini Berlin na mmoja wa waasisi wa jiografia ya kisasa. Sisemi kwamba kukimbia vilimani ndiko kulikomfanya Ritter awe Ritter. Ninachosema ni kwamba katika shule ile hakuna aliyemuuliza GutsMuths kwa nini mwalimu wa ramani anaonekana nje na wanafunzi.

Leo kila mwezi wa Mei, majani mapya yakiwa ndiyo yametoka, hufanyika mbio zenye jina lake, GutsMuths-Rennsteiglauf. Mwaka 1973 walianza wakimbiaji wanne tu. Siku hizi ni maelfu, na umbali mrefu kuliko wote, zaidi ya kilomita 70, unaanzia Eisenach, chini ya ngome.

Tufanye nini sisi

Hatuna Wartburg, lakini shule nyingi za kwetu zina kilima, korongo au njia ya kwenda mtoni. Mwalimu mwenzangu, jaribu hivi. Moja, pita njia hiyo wewe mwenyewe kabla ya wanafunzi, ujue penye mashimo na penye nyoka. Mbili, andika kwenye andalio la somo lengo la kutoka nje, na umwonyeshe mwalimu wa taaluma mapema. Mimi sikufanya hivyo, na hapo kosa lilikuwa langu. Tatu, mpe kila mwanafunzi kitu kimoja cha kukumbuka kwa mwili wake: aliposhindwa kuongea, alipoteleza, alipopata kivuli. Nne, rudi ubaoni siku hiyo hiyo, jasho likiwa bado halijakauka.

Hapa chuoni tunasema "kupiga msuli" tukimaanisha kukesha na madaftari. Neno ni zuri, ila tumeusahau msuli wenyewe. Nikipata ajira na kukuta ratiba ina "Michezo" Ijumaa kipindi cha mwisho, nitakichukua tena kufundishia jiografia. Safari hii nitaomba ruhusa kwanza. Radhi sitaomba.

Maswali ya kujadili: Je, kipindi cha michezo ulikosoma kilifundishwa kweli? Ni mada gani katika somo lako la kufundishia haiwezi kueleweka vizuri mpaka mwanafunzi asimame na kutoka nje?