Wastani Sio Mpaka
Andiko: Zaburi 90:10-12

Kuna hesabu moja nasikia sana kwa wazee wetu: "Pasta, wastani wa kuishi hapa Kenya ni miaka sitini na kitu. Mimi niko 61. Nipande parachichi za nini?" Hiyo hesabu ina shida, na shida yenyewe si ya imani.

Wastani huo unachanganya mtoto aliyekufa akiwa na wiki moja na nyanya aliyefika 90. Watoto wengi wakifa, unashuka, hata kama wazee wamejaa kijijini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2003 ulipata kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 hawakufikisha miaka 5. Ule wa 2022 ulipata 41. Hapo ndipo miaka mingi imeongezeka: chanjo, neti za mbu, kujifungulia hospitali. (Mama, ombea mtoto, lakini kliniki usikose.) Wewe uliyefika 60 ulishavuka hatari hizo, na kwa kawaida una zaidi ya miaka 10 mbele. Parachichi ya kupandikizwa huanza kuzaa kwa miaka mitatu hivi. Panda, mzee.

Mpaka upo, lakini uko mbali. Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, alikufa 1997 akiwa na miaka 122, na tangu hapo hakuna aliyethibitishwa kumpita. Dawa zimeinua wastani, dari halijasonga. Mwaka 1965, mama huyo akiwa na miaka 90, mwanasheria wa miaka 47 alikubali kumlipa faranga 2,500 kila mwezi mpaka afe, kisha nyumba iwe yake. Sisi tuliosoma biashara tungesema hiyo ni dili safi. Kumbe! Mwanasheria alitangulia kufa, 1995, akiwa ameshalipa zaidi ya mara mbili ya bei ya nyumba, na mjane wake akaendelea kulipa. Vijana mnaongoja shamba la baba ndio muanze maisha, hapo mnasemaje?

Sasa rudi kwa andiko. Zaburi hii inaitwa maombi ya Musa. Anataja miaka 70, na 80 kwa wenye nguvu. Lakini soma Kutoka 7:7 uone Musa mwenyewe alikuwa na miaka mingapi alipoenda kusimama mbele ya Farao: 80. Alikuwa bado na 40 za kazi.