MOTERE YA 1600 NDANI YA COCCINELLE YA ZAMANI



Mulikwisha kuona hapa kwetu Kivu Volkswagen Coccinelle ya zamani inapanda mulima na nguvu isiyo ya umri wake. Sababu ni nyepesi: motere ya kwanza ilikufa, mwenye gari akatia ingine. Coccinelle ya mwisho ilitengenezwa mwaka 2003 kule Puebla, Meksiko, na zile za miaka ya 1960 zinaishi mara nyingi kwa motere za kuazima. Kuitoa si kazi ndefu, maana buloni ine tu ndizo zinaishika kwa sanduku la vitesi. Lakini kutia motere si kuipima. Nataka kueleza kazi inayofuata, ginsi nilivyofundishwa katika garaji ya baba mudogo wakati wa likizo. Wenzetu wa hesabu na fizika watakuta hapa masomo yao, wengine wasikimbie.

Kwanza tuulize: motere hii ni nani? Usiulize karatasi za gari, zile zinasema juu ya marehemu. Angalia namba iliyopigwa kwa chuma chini ya dinamo. Herufi D ni motere ya cm³ 1192, nguvu za farasi 34. Herufi AD ni ile ya 1600, maana yake cm³ 1584, farasi 50, iliyoanza mwaka 1970. Tena, mpaka 1966 Coccinelle nyingi zilitoka na batri ya volti 6, na gurudumu la meno la nyuma ya motere lilikuwa na meno 109. Zile za volti 12 ziko na meno 130. Basi mwenye kutia 1600 ndani ya gari la 1963 lazima atengeneze pia demareri, bobini, taa zote, na kukwangua kidogo ndani ya sanduku la vitesi. Asipofanya hivyo, meno yatakula chuma.

Halafu mabati. Motere hii haina maji. Inapozwa na upepo wa ventilateri peke yake. Mabati yanayoizunguka, na mupira mweusi wa pembeni, ndiyo yanazuia upepo wa moto wa chini usirudi juu kuvutwa tena. Nimeona watu wanayatupa kwa sababu yanachelewesha kazi. Mutu wa namna ile afazali anunue punda. Na dinamo ndiyo inazungusha ventilateri: taa nyekundu ya dinamo ikiwaka njiani, simama palepale, pengine mukaba umekatika na hakuna upepo tena.

Sasa kupima. Kuko utaratibu wa vitu vitatu, na hauwezi kugeuzwa: supapu, kisha alimaji, kisha kabiratere. Karibu kila mutu anaanza kwa kabiratere kwa sababu visi zake ziko karibu na mukono. Anapoteza wakati. Supapu ikiwa mbaya, hakuna visi ya kabiratere itakayoiponya.

Supapu zinapimwa motere ikiwa baridi kabisa, asubuhi mbele ya kuwasha. Kwa 1600 nafasi ni mm 0,15, ya kuingiza na ya kutoa moshi sawasawa. Unaanza pistoni ya silindiri 1 ikiwa juu na supapu zake zote mbili zimefungwa. Moto unafuata njia ya 1, 4, 3, 2, lakini ukizungusha motere kinyume, nusu muzunguko kila mara, utapata 1, 2, 3, 4, na hutachanganyikiwa. Hapa masikio yanadanganya. Supapu yenye nafasi kubwa inagonga ta-ta-ta na watu wanaogopa. Ile isiyo na nafasi inanyamaza, na ndiyo ya hatari: haifungi vizuri, moto unapita pembeni yake, inaungua. Na ukikuta silindiri ileile inapoteza nafasi yake kila mara, usiendelee kufungua visi. Supapu inarefuka. Fungua motere mbele haijakatika na kutoboa pistoni.

Alimaji ni saa ya cheche. Esansi haiwaki yote mara moja, ndiyo maana motere ikienda mbio cheche lazima ije mbele kidogo ya pistoni kufika juu. Ikija mapema kupita kiasi, moto unasukuma pistoni ambayo ingali inapanda. Joto linaongezeka sana. Gari la maji lingekuonyesha kwa sindano. Coccinelle haina sindano ile.

Papa mumoja, infirmiye wa zamani, alituletea Coccinelle ya 1963 iliyotiwa 1600 fasi ingine. Aliuza ng'ombe wawili kwa kununua motere ile. Kesho yake alitaka kushuka Uvira kuchukua bibi yake aliyekuwa anatoka hospitali.

— Fundi, muniangalilie mafuta tu. Motere inalia muzuri.

Na kweli, ilikuwa inalia muzuri. Ukikanyaga, inaruka.

— Papa, tupime kwanza, baba mudogo akasema.

Tulirekebisha platini kwa mm 0,4, sababu ukigusa platini nyuma ya alimaji, alimaji inageuka. Kisha tukamulika na lampi. Alama ilikuwa 10° mbele ya pistoni kufika juu. Ile ni namba ya motere ya 1192! Fundi wa kwanza alisoma kitabu cha gari. Delko yake ilikuwa ile ya mirija miwili ya kuvuta hewa, na hiyo inataka 5° nyuma ya kufika juu, mirija ikiwa imechomekwa, motere ikizunguka polepole. Toka 10 mbele mpaka 5 nyuma ni 15. Delko ya murija mumoja mara nyingi inataka 7,5° mbele, kwa hiyo angalia delko yenyewe. Tulipogeuza, motere ikawa pole zaidi kwa kuondoka, na Papa akalalamika kwamba tumeua nguvu yake. Baba mudogo hakubishana. Alimwambia tu, «Papa, mulima wa Ngomo utakuambia.»

Kabiratere ikabaki, motere ikiwa na moto. Ile ya 34 PICT-3 iko na visi mbili pembeni: kubwa ya mwendo, ndogo ya muchanganyo. Ya tatu, kwa mukono wa kipepeo, usiiguse. Weka mwendo 850 kwa dakika na visi kubwa. Geuza ndogo mpaka motere inazunguka mbio zaidi, kisha ifunge kidogo mpaka inapunguka mizunguko 20 au 30. Rudisha 850 na ile kubwa.

Kuko pia jambo la inchi yetu. Bukavu iko karibu m 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, esansi inakuwa nyingi kwa hewa ile na buji zinakuwa nyeusi. Wengi wanatia jigleri ya tundu dogo. Lakini Uvira, kando ya Tanganyika, iko chini karibu nusu, na kule jigleri ileile inaleta esansi kidogo mno, na motere inachemka. Kwangu mimi, mwenye kushuka mara kwa mara avumilie weusi kidogo.

Papa alirudi siku ya tatu na bibi yake. Tulifungua buji ine: tatu rangi ya kahawia, moja, ya silindiri 3, nyeupe kidogo. Tulikuta bati la upande ule limelegea, tukalikaza.

(Wale wanaozunguka gari la Bwana Prefe na turnevisi mukononi: nawaona.)

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita