Chujio la Maji la Nyumbani: Kulitunza na Kujua Wakati wa Kubadili Mshumaa Wake

Taa ikiungua, giza huingia na kila mtu hujua. Chujio la maji likiharibika, maji huendelea kutoka, tena huonekana safi. Ndiyo maana mtumiaji anapaswa kufahamu namna ya kulikagua chujio lake asingoje mtu augue. Somo hili linahusu chujio la vyombo viwili vilivyopandana, lenye kichungi cha kauri tutakachokiita mshumaa kutokana na umbo lake.

Jinsi linavyofanya kazi

Maji humiminwa katika chombo cha juu, hupenya ukuta wa mshumaa, kisha hudondokea chombo cha chini chenye bomba. Vinyweleo vya kauri ni vidogo kiasi cha kuzuia tope, mayai ya minyoo na bakteria wengi. Uchafu hubaki juu ya ngozi ya mshumaa, na kadiri unavyoongezeka, maji hupita polepole. Mishumaa mingine ina mkaa maalumu ndani yake, ambao hupunguza harufu na ladha mbaya.

Kusafisha

Safisha mshumaa pale kasi ya maji inapopungua. Fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha fungua nati na utoe mshumaa.
2. Usugue kwa brashi laini isiyotumika kwa kazi nyingine, ukiumwagia maji safi, mpaka rangi yake ya awali irejee. Usitumie sabuni, kwa kuwa huingia katika vinyweleo na kubaki humo.
3. Kinga mdomo wa chini wa mshumaa usiguse maji machafu. Hapo ndipo maji yaliyochujwa hutokea.
4. Osha chombo cha chini na bomba lake kwa sabuni, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Chombo cha chini kikiwa kichafu, kazi yote ya mshumaa hupotea.
5. Rudisha mshumaa pamoja na mpira wake wa kuzibia, kaza kwa mkono, na umwage maji ya mchujo wa kwanza.

Maji ya tope yaache yatuame, kisha uyapitishe kwenye kitambaa safi kabla ya kuyachuja. Usimimine maji ya moto katika chujio. Kauri inaweza kupasuka.

Wakati wa kubadili

Watumiaji wengi huhofia chujio linalochuja polepole. Linalopaswa kuhofiwa zaidi ni lile ambalo ghafla linachuja kwa kasi bila kusafishwa, kwa maana huenda mshumaa umepasuka au mpira umelegea, na maji yanapita bila kuchujwa. Acha kunywa maji hayo mpaka ukague.

Badili mshumaa ukiona ufa hata mwembamba kama unywele, ukiwa umekonda kwa kusuguliwa, au maji yakiendelea kupita polepole hata baada ya kuusafisha. Zingatia pia muda uliowekwa na mtengenezaji. Mkaa wa ndani huchoka bila kutoa dalili yoyote, hivyo andika tarehe ya kuanza kutumia kwenye ubavu wa chujio.

Yale ambayo mshumaa hauondoi

Mshumaa wa kauri hauondoi chumvi, na hauwezi kutegemewa kuzuia virusi. Panapokuwa na mlipuko wa ugonjwa wa kuhara, chemsha maji au yatibu kwa dawa ya klorini hata kama yamechujwa.

Hauondoi pia floraidi. Jambo hili ni zito kwa wakazi wa maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi iliyozidi huharibu meno ya watoto yakiwa bado yanaumbika, na ikinywewa kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kuchemsha hakuipunguzi. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huipunguza, lakini nao huchoka, na ni vipimo tu vinavyoweza kuonyesha hali hiyo. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri huwa na floraidi kidogo. Ni busara kuwatengea watoto.

Unaponunua

Muuzaji akikuambia kuwa chujio lake "linaondoa kila kitu", mwombe akuonyeshe maelezo ya mtengenezaji yanayotaja floraidi kwa jina. Hakikisha pia kwamba mishumaa ya akiba inapatikana. Dai risiti na uitunze. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu ubora wa bidhaa. Ukiuziwa kwa maelezo ya uongo, rudi dukani ukiwa na risiti, na usiposikilizwa, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani.