Linki Inasema Imelipwa. Je, Pesa Imeingia?

Tuseme unauza viatu Gikomba, na pia una duka la mtandaoni lililojengwa kwa WordPress na WooCommerce. Mteja anachagua raba za shilingi 3,200, anaweka namba ya simu, anaombwa PIN, kisha anarudishwa kwenye ukurasa wa shukrani. Juu kwenye kivinjari anwani inasomeka hivi:

duka-lako.co.ke/asante/?oda=1045&hali=imelipwa

Duka linasoma hali=imelipwa, linakutumia ujumbe, unamwita mtu wa bodaboda, mzigo unatoka. Jioni unaangalia taarifa ya till: zile 3,200 hazipo.

Maandishi yanayofuata alama ya kuuliza huitwa vigezo vya anwani. Kila kigezo kina jina na thamani yake, na alama ya & hukitenganisha na kinachofuata. Vina kazi nzuri tu, kama kuuambia ukurasa uonyeshe oda gani au mteja ametoka kwenye tangazo lipi. Shida ni kwamba viko mikononi mwa mteja. Anaweza kufuta "haijalipwa", aandike "imelipwa", abonyeze, basi. Hahitaji utaalamu wowote. Ni sawa na kumwachia mnunuzi kitabu chako cha risiti pamoja na kalamu.

Sasa, ujumbe wa kutoa mzigo ulitoka wapi? Hapo ndipo tunafika kwenye ndoano. WordPress ikifika hatua fulani ya kazi yake hutoa tangazo kwa do_action. Fundi wako akiwa ameshatundika kazi yake hapo kwa add_action, kazi hiyo inaanza papo hapo, bila yeye kugusa mafaili ya WordPress yenyewe. Ni mpango mzuri sana, ila lazima ujue umetundika wapi.

Wengi hutundika kwenye woocommerce_thankyou, kwa sababu jina lake linasikika kama mauzo yamekwisha. Lakini ndoano hiyo inakuambia tu kwamba ukurasa wa shukrani umefunguliwa. Mteja akiufungua mara tatu, kazi yako nayo inafanyika mara tatu! Mahali pa kutundika kazi ya mzigo ni hapa:

add_action( 'woocommerce_payment_complete', 'andaa_mzigo' );

Hii huamka oda inapowekwa kuwa imelipwa. Hata hivyo, ndoano haijui kukagua pesa, inamwamini aliyeiita. Kama programu ya malipo iliyo kwenye tovuti yako inaiita kwa sababu tu imesoma hali=imelipwa kwenye linki, umerudi pale pale.

Kinachopaswa kuiamsha ni ujumbe unaotoka kwenye mfumo wa malipo moja kwa moja hadi kwenye seva yako, bila kupitia simu ya mnunuzi. Kwa wanaotumia M-Pesa kupitia Daraja, ujumbe huo huja na ResultCode: 0 maana yake muamala umefaulu, 1032 maana yake mteja ameukatiza. Lakini hata hapo fundi asikimbie. Alinganishe kiasi na bei ya oda, maana shilingi 1 nayo ni malipo yaliyofaulu. Ahakikishe namba ya risiti haijatumika kwa oda nyingine. Na kwa kuwa anwani inayopokea ujumbe huo iko wazi mtandaoni, mtu mwingine akiijua anaweza kutuma ujumbe bandia, kwa hivyo aulize mfumo wa malipo hali ya muamala kabla ya kuikubali oda.

Huhitaji kujua kusoma kodi ili upime duka lako. Weka oda ya kitu cha bei ndogo, ombi la PIN likija likatae, kisha badilisha kigezo kwenye linki kwa mkono wako. Fungua orodha ya oda. Ukiikuta imeandikwa kuwa imelipwa, mpigie fundi leo, na mpaka amalize kurekebisha, mtu wa boda asiondoke kabla hujaona pesa kwenye taarifa ya till.