KUMWOMBEA MGONJWA WA AKILI MATIBABU MAHAKAMANI

Mtu akivunjika mguu, mwenyewe huwaomba jamaa zake wampeleke hospitali. Lakini aliyepatwa na ugonjwa wa akili pengine hajijui kuwa ni mgonjwa, na akiambiwa aende kwa daktari hukataa. Katika nchi kadha wa kadha sheria huwapa jamaa zake ruhusa ya kwenda mahakamani. Njia hiyo ina faida, na ina hatari pia. Mambo yaliyotokea katika jimbo la Florida, nchini Marekani, yaonyesha yote mawili.

Kisa cha Kenneth Donaldson

Baba yake Kenneth Donaldson aliona ya kuwa mwanawe anasumbuliwa na mawazo yasiyo ya kweli, akapeleka habari hiyo mahakamani. Hakimu alisikiliza, na mwaka 1957 Donaldson akapelekwa katika hospitali ya serikali huko Chattahoochee ili atunzwe na kutibiwa. Alikaa humo karibu miaka 15. Kwa muda mrefu aliwekwa tu katika chumba kikubwa chenye wagonjwa 60. Kati ya 1964 na 1968 rafiki yake aliomba mara nne apewe kumtunza, na kila mara alikataliwa.

Mwaka 1971 Donaldson alishtaki, na mwaka huo huo akatolewa. Raia walioteuliwa kuamua kesi yake waliona ya kuwa hakuwa hatari kwa mtu yeyote, wala hakupewa matibabu. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua ya kuwa serikali haina haki ya kumfungia tu mtu asiye hatari, awezaye kuishi salama peke yake au kwa msaada wa jamaa na rafiki walio tayari kumsaidia.

Hatua za sheria

Mwaka 1971 Florida ilipitisha sheria mpya, ijulikanayo kwa jina la mbunge Maxine Baker. Kwa sheria hiyo, jamaa hutoa habari zake mahakamani kwa kiapo. Yampasa aeleze matendo ya siku za karibuni yaonyeshayo ya kuwa mgonjwa aweza kujidhuru, au kudhuru wengine, au kuangamia kwa kukosa kujitunza.

Hakimu akiridhika, hutoa amri mgonjwa apelekwe kupimwa. Muda wa kupimwa hauzidi saa 72. Baada ya hapo huachiliwa, au hukubali mwenyewe kutibiwa, au wakuu wa hospitali hupeleka maombi mapya mahakamani. Maombi hayo lazima yaungwe mkono na wataalamu wawili, na mgonjwa asiye na wakili hupewa mmoja. Amri ya matibabu haizidi miezi 6. Ikitakiwa zaidi, lazima mahakama iombwe tena.

Wajibu wa jamaa

Basi mwenye kupeleka maombi si mwamuzi. Yeye ni shahidi. Kazi yake ni kusema aliyoyaona kwa macho yake: siku gani, mahali gani, na jambo gani. Uvumi na ugomvi wa nyumbani havina nafasi katika kiapo. Tena kazi yake haiishi mlango wa hospitali ukifungwa. Na aende kumtazama mgonjwa, aulize anatibiwaje, na awe tayari kumpokea. Donaldson alikuwa na rafiki aliyekuwa tayari kumpokea, lakini wakati ule hakuna aliyemsikiliza.