Ukiugua Majuma Matatu: Somo juu ya Kugawa Kazi



Somo letu linawahusu wote wanaosimamia kazi za watu wengine: wenye maduka, wenye mashine za kusaga nafaka, viongozi wa vyama vya ushirika na wasimamizi wa mashamba. Sisi tuliofundisha vyuo vya ualimu tuna desturi ya kuanza na swali. Swali ni hili: ukiugua majuma matatu, je, kazi yako itaendelea?

Hapa kwetu Mbeya na Iringa tumeona biashara nzuri zikifungwa, si kwa kukosa wateja, bali kwa sababu mwenyewe alilazwa hali ufunguo uko mfukoni mwake, na bei na majina ya wadaiwa yako kichwani mwake. Watoto wakakosa ada, vibarua wakarudi nyumbani mikono mitupu. Basi kugawa kazi si anasa ya matajiri. Ni kinga ya familia.

KWANZA: Tenganisha mambo ya haraka na mambo makubwa.

Mwezi Agosti 1954 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliuhutubia mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni mjini Evanston. Alieleza tofauti hii: la haraka mara nyingi si kubwa, na lililo kubwa mara nyingi halina haraka. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa nyanya pale Ilula. Nyanya zilizokwisha chumwa hazingoji. Kuzipakia ni jambo la haraka. Lakini kupiga hesabu ya msimu, kutafuta mnunuzi wa pili, na kumfundisha kijana wake kazi, hayo hayapigi kelele. Yasipotengewa saa yake hayafanyiki kamwe. Kupakia, mwingine aliyefundishwa aweza kusimamia. Hayo matatu ni ya mwenye biashara.

PILI: Ijue kazi ambayo ni wewe tu wa kuifanya.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Majuma sita tu baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu Nyerere aliacha kiti cha Waziri Mkuu, akamkabidhi Rashidi Kawawa, naye akaenda kukijenga chama cha TANU kati ya wananchi. Aliona kwamba ofisi ingeweza kushikwa na mwenzake, lakini kazi ile ya chama ilimhitaji yeye. Kawawa naye alikuwa Waziri Mkuu kamili, wala si mtu wa kumtunzia mwingine kiti.

TATU: Ukigawa kazi, igawe pamoja na mamlaka yake.

Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani ili mambo mengi yaamuliwe mikoani na wilayani badala ya kungoja Dar es Salaam. Kusudi lilikuwa jema. Lakini halmashauri za wilaya zilivunjwa, na uamuzi ukawa mikononi mwa maofisa walioteuliwa kutoka juu. Ilibidi sheria za mwaka 1982 zitungwe ili halmashauri zirudi, nazo zikaanza kazi tena mwaka 1984. Funzo ni kwamba kazi yaweza kushuka chini huku mamlaka yakibaki juu.

Hata dukani ni hivyo. Kijana akilazimika kukupigia simu kwa kila punguzo la shilingi mia mbili, hukumpa kazi; umempa kiti cha kukalia. Mwekee mpaka: hadi kiasi fulani aamue mwenyewe, kikizidi akuulize. Ndiyo shauri Yethro alilompa Musa katika Kutoka 18: mambo madogo yaamuliwe na wakuu wa makumi na wa mia, makubwa yaletwe kwake.

Angalia pia chai ya Mufindi na Rungwe. Jani bichi likikawia katika rundo hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo mchumaji, mpima mizani na dereva kila mmoja anajua la kufanya. Wangemngoja meneja kwa kila gunia, chai ingeharibikia njiani.

NNE: Kukabidhi si kutupa.

Mweleze mtu mambo matatu: matokeo unayotaka, mpaka wa mamlaka yake, na siku ya kutoa taarifa. Kisha mwache afanye. Kila juma hesabuni pamoja mali na fedha, na yote yaandikwe daftarini. Anayepokea fedha asiwe yeye peke yake anayehesabu mali iliyobaki. Kufanya hivyo si kumdhania mwizi. Kunamlinda yeye na kukulinda wewe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Andika kazi zote ulizofanya juma lililopita. Zipi zingeweza kufanywa na mwingine?
2. Ni nani nyumbani au kazini kwako anayejua bei zako, wadaiwa wako na mahali ufunguo ulipo?
3. Chagua kazi moja utakayomkabidhi mtu mwezi huu. Mpaka wa mamlaka yake utakuwa upi?

Mwanzo ni kazi moja tu. Ikishika, ongeza ya pili.